Kikombe cha Pili

Siku ya pili ya uchungu, kivuli cha paa kilipoanza kuirudia baraza, mkunga Sabaha aliinua kichwa akamwambia Mwamini, "Sasa muulize." Mwamini alikuwa akilingoja neno hilo tangu jana jioni. Alimwinamia mkwe wake Zuena, akamfuta jasho usoni kwa upindo wa khanga, akamwambia kwa upole ataje jina.

Hakusema jina la nani. Kila mwanamke wa Chiola aliyewahi kuzaa alijua kwamba uchungu unaopitiliza siku na usiku wake una sababu, na sababu hiyo ni mwanamume asiye mume. Mtoto, ilisemwa, hukaa mlangoni kwa aibu. Jina likitajwa, aibu hutangulia kutoka, naye huifuata. Na mpaka jina litajwe, dawa ya mkunga haipiti kooni. Hata ikipita, haifiki.

Zuena alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amepiga magoti juu ya mkeka, mikono yake miwili imeshika kamba iliyofungwa kwenye boriti, na viganja vilikuwa vimechubuka. Hakuwa na jina la kutaja. Hakuwahi kulala na mwanamume yeyote isipokuwa Mikidadi mumewe. Huo ndio uliokuwa ukweli, nao katika mambo yote yaliyofuata haukumsaidia hata mara moja.

"Sina, mama," alisema.

"Hawana wote, mwanzoni," Mwamini akamjibu. Akawageukia wanawake wengine wawili waliokuwa ndani, nao wakatikisa vichwa kama watu wanaousikiliza wimbo wanaoujua.

Desturi ilitaka mimba ya kwanza izaliwe kwao mwanamke, lakini mama yake Zuena alikuwa amekufa, na mjomba wake Awadhi, aliyebaki kuwa mkubwa wake, alikuwa Nambilanje, safari ya siku mbili kwa miguu. Mikidadi alikuwa Nachingwea kwenye mradi wa karanga, akifyeka visiki nyuma ya matrekta ya Wazungu. Kwa hiyo Zuena alikuwa akizalia kwa mkwewe, mikononi mwa watu wa mumewe.

Asubuhi ya siku hiyohiyo gari la mradi lilikuwa limesimama njiani. Bashiri, utingo wa lori na rafiki wa Mikidadi tangu jandoni, aliteremka na kifurushi cha sukari na kipande cha kaniki, kama alivyofanya kila mwisho wa mwezi. Alisikia kilio kutoka ndani. Akasimama uani, kofia mkononi, akasema kwamba dereva amekubali. Shemeji atandikiwe magunia nyuma, barabara ni kavu, kabla ya adhuhuri watakuwa hospitali. Mwamini alimjibu kutoka mlangoni kwamba mwanamke wa nyumba ile hapakiwi kama karanga. Bashiri akaomba tena. Akaomba mara ya tatu, hata dereva akapiga honi. Lori likaondoka. Wanawake waliokuwa uani waliona jinsi alivyoomba mara tatu, nao waliliweka jambo hilo moyoni.

Sasa Mwamini aliuliza kwa mara ya nne, na upole ulikuwa umekwisha. Mmoja wa wanawake alishika pua ya Zuena akaibana, kwa kuwa pumzi ikikatika siri hulegea. Zuena akaona giza. Akawaza kwa namna mtu anavyowaza akiwa katika maumivu, yaani upesi na kwa hesabu moja tu: wanataka jina, nikitoa jina wataniacha, nitoe jina ambalo halitamdhuru mtu. Na asiyeweza kudhurika ni nani isipokuwa aliyekwisha kufa? Akamkumbuka mzee Kaimu, mlinzi wa ghala, mtu wa miaka sabini na zaidi, mwenye jicho moja, aliyezikwa baada ya mavuno. Maiti haitozwi mbuzi. Maiti haipigwi.

"Kaimu," alisema.

Mwamini aliwatazama wenzake, nao wakamtazama. "Kumbe ndiye," alisema polepole, si kwa hasira bali kwa namna ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta mahali alipokwisha kudhani kipo.

Sabaha alimmiminia kikombe cha bati kutoka katika chungu chake kilichofunikwa kwa jani. Zuena akanywa. Alitegemea uchungu unaokaza taya, kwa maana watu waliisema dawa ya Sabaha kuwa chungu kuliko nyongo, lakini alichokunywa kilikuwa vuguvugu na hakikuwa na ladha. Kitu kichungu alikuwa amekinywa alfajiri, katika uji ambao Sabaha alisema umeungua. Aliligundua hilo, akalisahau papo hapo, kwa sababu kichwa cha mtoto kilikuwa kinashuka.

Kabla ya alasiri kwisha alizaa mtoto wa kike. Mwamini alitoka uani akawaambia majirani kwamba jina limefanya kazi yake.

*

Mikidadi alifika siku ya nne. Zuena aliisikia sauti yake uani, akaitengeneza khanga, akamweka mtoto upande wa mwanga. Mlango haukufunguliwa. Mikidadi alikaa nje, mgongo wake kwenye ukuta wa udongo, akasema naye kupitia ukutani.

"Kaimu amekuja hapa mara ngapi?"

Zuena alidhani amesikia vibaya. "Kaimu gani, baba? Mzee Kaimu amekufa."

"Mzee Kaimu nilimzika mimi. Nakuuliza Kaimu."

"Simjui Kaimu mwingine."

Mikidadi akacheka kicheko kifupi. "Anayekuletea sukari humjui?"

Hapo ndipo Zuena alipoambiwa, na aliyemwambia ni mtoto wa jirani aliyeletwa kumshikia maji: kwamba siku ya arobaini ya mzee Kaimu, wazee walikaa wakamchagua mpwa wake arithi jina. Walimvika kofia ya marehemu, wakamkabidhi panga lake, wakamwita mara tatu mbele ya watu, naye akaitika. Tangu siku ile hakuna tena Bashiri. Aliyemwita Bashiri alitozwa kuku.

Zuena hakuwepo. Mja mzito haendi msibani wala arobaini; hiyo nayo ni desturi, na ni Mwamini mwenyewe aliyemzuia. Na kwa kuwa yeye alimwita yule mtu shemeji siku zote, hakupata hata siku moja ya kukosea akasahihishwa.

Alijaribu kueleza. Alieleza kwa Mikidadi kupitia ukutani, akaeleza kwa Mwamini, akaeleza kwa wanawake waliomletea uji. Kila alipoeleza, maelezo yalizidi kuwa mazuri, na kadiri yalivyokuwa mazuri ndivyo hawakumwamini. Mwamini alimwambia kwamba mwenye haki haelezi sana. Juu ya hayo, alisema, mtoto alitoka. Kama jina lilikuwa la uongo, mtoto alitoka kwa nini?

Hakuna aliyekuwa na jibu la swali hilo. Zuena naye, kwa siku tatu, hakuwa nalo. Siku ya saba ilipita bila mtoto kupewa jina, maana anayetoa jina ni baba, na baba alikuwa anangoja shauri. Usiku ule, akinyonyesha, ulimi wake ulimkumbusha. Uji wa alfajiri. Kikombe cha mchana.

*

Shauri lilisikilizwa barazani kwa Jumbe Yunusi, mtu mnene aliyevaa koti hata wakati wa joto, kwa kuwa koti lilikuwa la serikali. Wanaume walikaa juu ya viti na magogo. Wanawake walikaa chini, upande wa jua. Mjomba Awadhi alikuwa amefika na vumbi lake la siku mbili, na hakuna aliyempa kiti mpaka Jumbe alipokohoa.

Mikidadi alisema yake kwa kifupi. Bashiri, ambaye wote sasa walimwita Kaimu, alisimama akaapa kwa msahafu kwamba hakuwahi kuvuka kizingiti cha rafiki yake. Mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma: kama hakuwa na lake, yale maombi matatu ya kumpandisha mwanamke lorini yalikuwa ya nini? Alimhangaikia kwa kipi, na mke si wake? Bashiri akajibu kwamba mwanamke alikuwa anakufa. Yule mtu akasema, "Wanawake wote wakizaa hufa kidogo. Mbona wengine huwaombei lori?" Watu wakacheka. Bashiri akakaa.

Mjomba Awadhi aliomba neno. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu anayekitoa sandukuni kwa siku maalumu, lakini alichosema kilieleweka. Alisema kwamba yeye pia amezaliwa katika desturi hiyo, na kwa jinsi alivyofundishwa, uchungu ukikaza huulizwa wawili, mke na mume, kwa kuwa mtoto ni wa wawili. Huyu kijana aliulizwa lini?

"Hakuwepo," akajibu Jumbe.

"Leo yupo. Muulize leo. Muulize habari za Lusiana, yule muuza pombe wa kambini kwenye mradi. Mimi nimepitia Nachingwea. Nimeonyeshwa hata mlango."

Mikidadi alitazama miguu yake. Wanaume wachache, waliokuwa wamefanya kazi mradini na walioujua mlango huo, walianza kujikuna. Jumbe Yunusi alingoja mpaka kikohozi cha watu kikatulia.

"Mzee Awadhi," alisema, "mwanamume hazai. Siku atakayozaa, tutamuuliza."

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa na kilidumu. Hata baadhi ya wanawake walicheka, viganja midomoni. Mjomba Awadhi alibaki amesimama katikati ya kicheko kama mtu aliyekatiwa njia na maji, kisha akakaa.

Zuena hakungoja aitwe. Alisimama na mtoto mgongoni. Alisema ana swali moja, si la Jumbe wala la mumewe, ni la bibi Sabaha. Mkunga alikuwa amekaa chini upande wa wanawake, mdogo, mkavu, mikono yake imelala mapajani.

"Bibi," Zuena alisema, "ile dawa ulinipa saa ngapi?"

Sabaha alivuta khanga yake magotini.

"Mimi nilikunywa mara mbili. Alfajiri nilikunywa uji mchungu. Mchana, nilipokwisha kutaja jina, nilikunywa maji. Sema mbele ya watu, bibi. Kama dawa ilikuwa ya alfajiri, basi mtoto alikuwa njiani kabla sijasema neno. Jina halikufungua kitu."

Lilikuwa jambo la wazi, na kwa kitambo kidogo baraza yote ililiona wazi. Jumbe aligeuka na kiti chake. Hatima ya watu watatu na ya mtoto asiye na jina ilikuwa imetoka katika mambo ya siri na heshima, ikawekwa juu ya kitu kinachoweza kupimwa: saa. Na mtu aliyeijua saa hiyo alikuwa mmoja.

"Bibi Sabaha," alisema Jumbe, "dawa ulimpa kabla ya jina au baada ya jina?"

Sabaha alimtazama Mwamini, akawatazama wanawake wa upande wa jua, ambao wengi wao aliwazalisha, na wengine wao walikuwa na mimba. Kisha akatazama chini.

"Baada," alisema.

Talaka ilitoka kabla ya adhuhuri. Bashiri alitakiwa alipe mbuzi wawili kwa mtu aliyewahi kugawana naye blanketi moja miaka mitatu. Hakubisha. Alivua kofia ya mjomba wake, akaiweka juu ya gogo alilokuwa amekalia, akatoka bila kuaga. Mzee mmoja aliichukua akamfuata nayo, akimwita, "Kaimu! Kaimu!" Hakuitika.

*

Waliondoka kwenda Nambilanje siku ya pili yake kulipopambazuka, Mjomba Awadhi mbele na godoro la sufi kichwani, Zuena nyuma na mtoto. Walipofika panapoishia mashamba ya Chiola walimkuta Sabaha amekaa kando ya njia. Alikuwa na kifurushi cha kaniki kuukuu. Mjomba alitema mate pembeni akaendelea kutembea. Zuena alisimama.

"Nimekuletea dawa," Sabaha alisema. "Ukishika mimba nyingine."

"Kwa nani?"

Mkunga alikiweka kifurushi chini, katikati yao.

"Ulisema uongo," Zuena alisema.

"Nilisema uongo."

"Kwa nini?"

"Ningesema kweli, nani angeniita tena? Wangesema Sabaha anatia dawa kwa siri, atawezaje kuaminiwa. Wangemwita mwingine, yule wa kule bondeni anayekanyaga matumbo ya watu. Umemwona mwanamke aliyekanyagwa tumbo? Mimi nimewaosha wanne." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya mtama. "Dawa hii haina haraka. Ukiinywa alfajiri, kazi yake utaiona jua likishapinda. Ukingoja mpaka jina, mama amechoka, na mtoto amechoka. Kwa hiyo natia kwenye uji. Kikombe cha pili siwezi kutia dawa, ikizidi hupasua mfuko wa uzazi. Natia maji."

"Na kuniuliza? Kwa nini uliwaambia waniulize?"

"Wangeuliza tu. Mama mkwe wako alitaka kuuliza tangu jana yake. Mimi nilimzuia. Ukitaja jina mapema na mtoto asitoke, watasema si lenyewe, watakubana utaje lingine, na lingine. Nimeona mwanamke akitaja watu saba, na wa saba ni kaka yake. Kwa hiyo nangoja nikione kichwa. Kikikaribia, nawaambia, sasa muulizeni. Jina moja linatosha."

Alikuwa anategemea kushukuriwa. Zuena alilitambua hilo katika namna mwanamke yule alivyoinua uso. Kwa miaka mingi Sabaha alikuwa amejihesabia huruma katika jambo hili, majina sita aliyomwepusha nayo kila mwanamke, na hakuna aliyewahi kumwambia asante kwa kuwa hakuna aliyewahi kujua.

"Mimi tu ndiye uliyenipa maji?" Zuena aliuliza.

"Hapana."

"Nani mwingine?"

"Wote, mwanangu."

Zuena alisimama palepale. Aliwakumbuka kwa majina, mmoja mmoja, wanawake walioachwa Chiola baada ya kuzaa: aliyehamia Kilimarondo na watoto watatu, aliyebaki kijijini akaitwa Mama Majina mpaka uzeeni, aliyejitupa kisimani akiwa ndani ya arobaini yake ya uzazi. Nyuma ya kila mmoja kulikuwa na kikombe cha bati chenye maji ya vuguvugu.

"Hii dawa ni mti gani?" aliuliza.

"Hiyo siwezi kusema. Mti wa mkunga hautajwi."

"Mimi nilibanwa pua mpaka nikataja mtu. Wewe hujabanwa. Taja."

Mjomba Awadhi alikuwa amesimama mbali, amegeuka, godoro kichwani. Hakuita. Sabaha alikitazama kifurushi, akatazama njia ya kurudi Chiola, ambako hapakuonekana mtu. Jina la mti lilimtoka polepole, na kwa sauti ndogo kuliko alivyosema *baada*.

"Pamba."

"Pamba ipi?"

"Hiihii. Ya zamani, ya wakati wa Mjerumani, iliyobaki nyuma za nyumba. Ganda la mzizi."

Nyuma ya choo cha Mwamini palikuwa na mipamba mitatu mizee. Zuena alikuwa akianikia nguo juu yake kila wiki kwa mwaka mzima na nusu.

Alikiokota kifurushi. Hakuaga. Alipomfikia mjomba wake, mzee aliuliza yule mchawi amesema nini, naye akasema amesema kweli, lakini amechelewa wiki mbili. Walipopumzika mchana, Mjomba Awadhi alimpakata mtoto akasema haifai mtu kusafiri bila jina, na kwa kuwa baba yake amelikalia, litatoka upande wa mama. Akamrithisha jina la bibi yake aliyekufa, Mwantumu. Akamwita mara tatu, kama inavyotakiwa. Mtoto alikuwa amelala. Zuena akaitika kwa niaba yake.

*

Mwaka wa tatu baada ya hapo, mradi ulipokwisha kufungwa na matrekta kuachwa yaote kutu, Zuena aliitwa katika nyumba moja ya Nambilanje. Mwali alikuwa na uchungu tangu jana yake asubuhi. Zuena alifika na mzizi mkononi, haukufunikwa kwa jani. Aliukwangua mlangoni mbele ya watu wote, akawaonyesha wanawake kiasi, akawaambia ni mti gani na kwamba kwao pia upo, wautafute nyuma ya nyumba. Akawaambia kikombe ni kimoja, na kwamba wakiona damu wasingoje dawa yoyote, watafute lori. Wanawake hawakupendezwa. Dawa inayotajwa hadharani, walisema, ni mboga.

Jua lilipopinda, mama mkwe wa yule mwali alisogea. Alikuwa mwanamke wa makamo, msafi, mwenye kujiheshimu. Alimwinamia mkwe wake, akamfuta jasho kwa upindo wa khanga. Kisha akamgeukia Zuena, akamnong'oneza kama watu wa kazi moja.

"Amekwisha taja jina?"

"Amekwisha," Zuena alisema.

Macho ya yule mama yalifunguka. "Nani?"

"Pamba," alisema Zuena. "Sasa toka nje."